Kabla ya kumtuma askari, onyesheni ndege ya kumrudisha

Januari 2025, wanajeshi 14 wa Afrika Kusini waliuawa katika mapigano ya Sake na Goma, mashariki mwa Kongo. Wenzao wa Malawi na Tanzania, waliokuwa nao katika misheni ya SADC, nao walipoteza watu. Waasi wa M23 walipouteka uwanja wa ndege wa Goma, waliosalia walijikuta wamezingirwa kambini. Miili ya wale 14 ilizungushwa kupitia Kigali na Entebbe, ikafika kituo cha anga cha Waterkloof, Afrika Kusini, Februari 13. Wengi wa walio hai walisubiri zaidi. Walianza kutoka mwishoni mwa Aprili, kwa malori, wakikatiza Rwanda, nchi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi lake liliwapa nguvu waasi haohao, hadi Chato hapa kwetu Tanzania, ndipo wakatafutiwa ndege.

Jeshi la Afrika Kusini lina ndege za kivita za kisasa kuliko majirani zake wengi. Lina nyambizi. Lakini halikuwa na namna ya kuwatoa askari wake Goma bila ruhusa ya wale waliokuwa upande wa pili wa vita. Kwa maoni yetu, askari hao walitelekezwa Pretoria miaka mingi kabla hawajafika Sake.

Chanzo ni mikataba ya silaha ya Desemba 1999. Kwa bei ya awali ya takriban rand bilioni 30, Afrika Kusini iliagiza ndege za kivita za Gripen kutoka Sweden, ambazo hatimaye zilikuwa 26, ndege 24 za Hawk kutoka Uingereza, manowari nne na nyambizi tatu kutoka Ujerumani, pamoja na helikopta nyepesi 30. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeanguka miaka mitano tu nyuma. Hakukuwa na jirani hata mmoja mwenye nia wala uwezo wa kuivamia nchi hiyo kwa bahari au kwa anga. Serikali hiyohiyo ilikuwa ikisita kuwapa wagonjwa wa UKIMWI dawa za kufubaza virusi, na gharama ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Wataalamu walioombwa kupima kama nchi ingemudu deni hilo walilionya Baraza la Mawaziri juu ya hatari zake. Mikataba ikasainiwa.

Wananchi waliambiwa wasihofu. Kampuni zilizouza silaha zingerudisha uwekezaji wa zaidi ya rand bilioni 100 na ajira 65,000. Ajira hizo hazikuonekana kwa kiwango kilichoahidiwa. Kilichoonekana ni mlungula. Tony Yengeni, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya pamoja ya Bunge ya ulinzi, alikiri mahakamani mwaka 2003 kosa la udanganyifu kuhusu punguzo la bei alilopata kwenye gari la Mercedes. Schabir Shaik, mshauri wa fedha wa Jacob Zuma, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2005. Kesi ya Zuma mwenyewe na kampuni ya Thales ya Ufaransa imekokotwa miaka kwa miaka kwa mapingamizi. Tume ya Jaji Seriti, iliyochunguza mikataba hiyo, ilisema haikuona ushahidi wa rushwa. Mahakama Kuu ikaitupa ripoti yake mwaka 2019.

Mengi yameandikwa kuhusu rushwa hiyo, na ilistahili. Lakini tunaona kuna kosa jingine lililosemwa kidogo mno, nalo ndilo limeua watu. Hata kama kila senti ingelipwa kihalali, orodha ile ya manunuzi ingebaki kuwa mbovu. Mapitio ya Ulinzi ya mwaka 1998 yalitamka kwamba kazi kuu ya jeshi ni kuikinga nchi dhidi ya uvamizi kutoka nje, na kwamba ulinzi wa amani ungefanywa kwa zana zilizokwisha kununuliwa kwa kazi hiyo kuu. Wanasiasa wakafanya kinyume chake kabisa. Kuanzia Burundi mwaka 2001, askari wa Afrika Kusini wametumwa Darfur, Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Msumbiji. Kazi iliyoitwa ya ziada ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, na haikuwahi kununuliwa vifaa vyake.

Kazi hiyo inahitaji vitu visivyopendeza sana kwenye gwaride: ndege kubwa za mizigo, helikopta za kubeba majeruhi, magari ya deraya, vipuri, madaktari wa uwanja wa vita. Serikali iliagiza ndege nane za A400M mwaka 2005, bei ikapanda, mwaka 2009 ikafuta oda. Hakuna kilichonunuliwa badala yake. Jeshi likaachwa na C-130 zilizoingia nchini mwaka 1963. Askari wa miguu nao wanapanda Ratel, gari lililoanza kutumika miaka ya 1970. Gari la kulirithi, Badger, liliagizwa kwa Denel mwaka 2007, na miaka inapita vikosi havijalipata. Denel, kampuni ya serikali iliyokuwa fahari ya viwanda vya silaha barani, ilididimizwa na uongozi mbaya hadi ikashindwa kulipa mishahara ya mafundi wake.

Na zile Gripen? Mwaka 2013 Waziri wa Ulinzi alikiri kwamba 12 kati ya 26 zimewekwa ghalani. Kuanzia Septemba 2021 hazikuruka kabisa kwa karibu mwaka mzima kwa sababu mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha. Anayenunua gari la kifahari akakosa pesa ya mafuta husemwa na majirani; serikali ilifanya hivyo kwa mabilioni ya umma na hakuwajibika hata mtu mmoja.

Onyo lilikuja mapema. Machi 2013, kikosi cha askari wasiozidi mia chache kilipambana na waasi wa Séléka nje ya Bangui, bila magari ya deraya na bila helikopta za mashambulizi. Walipigana kwa ushujaa mkubwa. Kumi na watatu walikufa katika mapigano hayo. Novemba mwaka huohuo, Kivu Kaskazini, tuliona upande wa pili: Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ, ikishirikiana na jeshi la Kongo na kupata msaada wa helikopta za Rooivalk, iliitimua M23. Helikopta hizo zilibuniwa na kuundwa Afrika Kusini kwenyewe. Miaka 11 baadaye, adui akiwa yuleyule na ardhi ileile, Rooivalk hazikuwa angani kuwakinga askari wa Sake. Tofauti hiyo inatosha kumfunga mdomo yeyote anayesema vifaa ni suala la wahasibu.

Pretoria ilijua. Mapitio mapya ya Ulinzi ya mwaka 2015, yaliyoongozwa na Roelf Meyer, yalisema wazi kwamba jeshi liko katika hali mbaya ya kuporomoka. Yalipendekeza asilimia 40 ya bajeti iende kwenye mishahara, 30 kwenye operesheni na 30 kwenye vifaa. Leo mishahara peke yake inameza zaidi ya asilimia 60 ya bajeti ambayo haifiki asilimia moja ya pato la taifa.

Wapo wanaosema dawa ni kuongeza bajeti. Hatupingi kwamba fedha ni haba. Lakini mwaka 1999 fedha zilipatikana, zikaenda chini ya bahari. Ukimwongezea fedha mtu ambaye hajaamua jeshi lake ni la kazi gani, atanunua kile ambacho wakala mwenye ulimi mtamu amemletea. Afrika Kusini ichague: iwe nchi inayolinda amani barani, ilipie ndege na helikopta za kazi hiyo, hata kwa kuuza Gripen zinazokaa ghalani, au iseme kwa uaminifu kwamba haiwezi, na iache kupeleka watoto wa watu kufa kwa ajili ya heshima kwenye mikutano ya wakuu wa nchi.

Tanzania haina haki ya kutazama hili kwa mbali. Askari wetu walikuwa kwenye mahandaki hayohayo. Na kampuni ya BAE ya Uingereza, iliyouza Hawk kule, ndiyo iliyotuuzia rada ya pauni milioni 28 ambayo wakati ule wengi walisema ni ghali kupita haja yetu. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri katika mahakama ya London kwamba haikutunza kumbukumbu sahihi za malipo ya biashara hiyo, na baadaye pauni milioni 29.5 zikarudi kununua vitabu na madawati. Sisi tulibahatika kurudishiwa.

Katiba ya Afrika Kusini inamtaka Rais alijulishe Bunge kila anapotuma jeshi kazini. Taarifa hiyo isipokelewe tena kama barua ya kawaida. Wabunge wa Cape Town, na wa kwetu Dodoma katika vikao vya kamati ya ulinzi, wadai kuonyeshwa kwa maandishi: ndege ipi itawabeba askari, helikopta ipi itawatoa majeruhi, nani amelipia vipuri vyake, na njia ipi itatumika uwanja wa ndege ukianguka. Jibu lisipokuwepo, wazuie fungu la misheni hiyo mpaka lipatikane.