Haki Isingojee Gavana Asikie

Mkabala na Fort Jesus, pale Mji wa Kale wa Mombasa unapoanzia, pana makaburi ya ukoo wa Mazrui. Humo alizikwa, mwezi wa Oktoba 2014, Profesa Ali Mazrui, mwana wa kisiwa hiki aliyesikilizwa na dunia nzima. Wapitao hapo wakielekea Ndia Kuu wanajua kwamba pamelala msomi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba msomi huyo aliwahi kuhesabiwa kuwa hafai.

Alizaliwa mwaka 1933. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, ndiye aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwahimiza watu wa pwani wasome. Lakini kijana alipofanya mtihani wa Cheti cha Cambridge mwaka 1948, alipata daraja la tatu, na Chuo cha Makerere kikamkataa. Akabaki Mombasa akifanya kazi ndogo za ofisini. Kisha akahutubia hafla ya Maulidi, na miongoni mwa waliomsikia alikuwamo gavana wa kikoloni, Philip Mitchell. Gavana akapendezwa, na mlango wa masomo ya Uingereza ukafunguka. Kijana akahitimu Manchester mwaka 1960, akaendelea hadi Oxford, na mwaka 1963 akaanza kufundisha katika Makerere ileile iliyomkataa.

Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya bahati njema. Sisi tunakisoma kama mashtaka. Ni vijana wangapi wa kisiwa hiki waliozungumza vizuri kama yeye siku ambayo hapakuwa na gavana ukumbini? Akili zao zilibeba magunia Kilindini, zikazeeka barazani, zikazikwa bila mtu kujua zilikuwa na nini. Wazee walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtihani mmoja hauwezi kuzihesabu zote, wala jicho la mkubwa mmoja haliwezi kuziona zote. Nafasi inayopatikana kwa kusikiwa na mkubwa ni hisani, hata kama aliyeipewa anaistahiki. Haki ni utaratibu unaomfikia pia yule ambaye mkubwa hakumsikia.

Mji huu ulilijua jambo hilo mapema. Mkoloni alilipa mishahara kwa rangi: Mzungu kiwango chake, Mhindi chake, Mwafrika cha chini kabisa. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka zana chini, wakakusanyika uwanja wa Kiembeni, wakadai pamoja na mengine kwamba kazi sawa ilipwe ujira sawa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Hawakuomba kuonewa huruma. Waliomba kipimo kimoja kwa watu wote.

Bendera ilibadilika mwaka 1963, lakini kipimo hakikunyooka. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988 wananchi walipanga foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, na mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa umeushinda mrefu. Kifungu cha 2A, kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja, kilifutwa Desemba 1991, nasi tukashangilia. Lakini tujiulize: ule mlolongo ulikufa, au ulihamia katika vyumba vya mahojiano ya kazi? Kijana anaamka alfajiri, anavuka feri ya Likoni na vyeti vyake katika bahasha, anajibu kila swali, kisha anagundua kwamba jina liliandikwa kabla ya tangazo kubandikwa. Aliye mbele katika foleni ameshindwa tena na asiyekuwamo.

Wala upotofu huu hauanzii ofisini. Unaanza kwa namna tunavyotazamana kila siku. Mama wa buibui anapofika dirishani na Kiswahili chake safi, karani humwona hajui kitu, kwa kuwa hakutanguliza Kiingereza. Mwenye jina la bara akiomba chumba Kibokoni, hupimwa kwa kabila lake kabla ya kupimwa kwa adabu yake. Huyu huambiwa watu wa pwani ni wavivu, yule huambiwa watu wa bara ni wanyang'anyi. Hukumu imetolewa kabla ya shahidi kufungua kinywa, na hukumu hiyohiyo ndiyo inayovaa tai na kuketi katika jopo la kuajiri.

Matunda yake tumekwisha kuyaona. Usiku wa 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 waliuawa. Maelfu walikimbia, wengi wakajihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Manung'uniko ya kazi na ardhi yalikuwa ya kweli, lakini wanasiasa waliyageuza kuwa silaha dhidi ya jirani. Aliyenyimwa kazi kwa dhuluma hujibiwa kwa sababu zilizo wazi. Asipojibiwa, atajibiwa na mchochezi.

Wako watakaotuambia kwamba sheria za uwiano ndizo zinazoua sifa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziwaendee watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti. Hatuoni ugomvi hapo. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataja ushindani wa haki na sifa, na papo hapo kinataka jamii zote za Kenya ziwakilishwe. Anayeamini kwamba akili zote zimekusanyika katika kabila moja hajatetea sifa. Ametetea jamaa zake.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, bandarini, katika kaunti na katika kila ofisi ya umma. Kila nafasi itangazwe mahali ambapo asiye na mjomba ofisini ataiona, ikiwamo milango ya misikiti na makanisa. Mwenye jamaa miongoni mwa waombaji aondoke katika jopo. Alama zote zihifadhiwe, na aliyekosa aonyeshwe zake. Na anayeomba sababu apewe kwa maandishi.

Tukiisha kuidai serikali, tugeukie nyumba zetu wenyewe. Samweli alipofika kwa Yese alivutiwa na kimo cha mzaliwa wa kwanza, na yule aliyestahiki hakuwa hata ameitwa kutoka machungani. Sisi tulio kanisani, tunapotafuta mwalimu wa shule yetu au karani wa parokia, ni nani tumemwacha machungani? Tunapochagua kamati za harakati hizi hizi za mageuzi, je, hatusomi jina la pili kabla ya kusoma barua? Jumapili hii, kabla ya kumwandikia mkubwa yeyote, kila kamati yetu na ianze kwa kutangaza nafasi zake yenyewe hadharani.

Tangu 2013 Mombasa ina gavana wa kuchaguliwa kwa kura. Ni jambo jema. Lakini hatukupigania vyama vingi ili vijana wetu waendelee kungoja gavana mmoja au mwingine apite na awasikie.