Rubani akiomba kuzunguka, asilaumiwe

Ndege ikianza kuzunguka juu ya Bunia, ndani yake maneno huanza. Mmoja anauliza kama rubani amepotea, mwingine anaangalia saa: jamaa wanamngoja nje, dawa ya mgonjwa iko ndani ya mfuko. Haraka hiyo inaeleweka, hasa kwa familia zilizotawanywa na vita. Lakini isifike kwenye usukani.

Ndege kubwa inahitaji karibu maili 3 za baharini ili kushuka futi 1,000. Kutoka futi 30,000 ni kama maili 90, na hesabu hiyo hufanywa mapema. Ikimpita rubani, huinua breki za angani, yaani vibao vya juu ya mabawa vinavyovuruga hewa inayoibeba ndege. Aliyeketi karibu na bawa huviona na kusikia mtetemo. Asiogope, vimewekwa kwa kazi hiyo. Hatari ni kuviinua kwa haraka kisha kuvisahau.

Ndivyo ilivyotokea karibu na Cali, nchini Kolombia, usiku wa tarehe 20 Desemba 1995. Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa imetoka Miami na ucheleweshaji wa karibu saa mbili. Mwongozaji wa ndege aliwauliza marubani kama wanaweza kutua moja kwa moja kutoka kaskazini, bila kuupita uwanja na kugeuka. Wakakubali. Walikuwa bado juu mno, wakainua breki. Katika pilikapilika hizo kompyuta ikapewa kituo kisicho chake, ndege ikageukia milimani. Onyo la ardhi lilipolia, walisukuma injini hadi mwisho na kuinua pua. Vibao vikabaki vimesimama, maana kwenye ndege hiyo havirudi vyenyewe. Watu 159 walikufa, 4 wakapona. Wachunguzi waliandika kwamba juhudi za kuwahi kutua zilichangia.

Mashariki mwa Congo si nchi tambarare. Uwanja wa Goma uko mita 1,550 hivi, na kaskazini yake Nyiragongo inafika 3,470. Kwa hiyo makampuni yawaambie marubani wao waziwazi kwamba kukataa njia ya mkato si kosa, na mafuta ya dakika 10 za kuzunguka hayatadaiwa kwa mtu. Wasafiri nao watangaziwe kwa Kiswahili, si Kifaransa peke yake, kwa nini ndege inazunguka.