Neno la mwalimu: Binti amemaliza masomo ya ujenzi, sasa afanye nini?



Kisha mkutano wa likelemba, mama mmoja aliniita pembeni akaniuliza: "Mwalimu, binti yangu alisoma ujenzi, akapata diploma. Sasa ni miezi sita anashinda mbele ya ordinatere anachora nyumba ambazo hakuna mtu anazijenga. Papa yake anasema imetosha, aingie sokoni kama wengine. Nijibu nini?"

Ulizo hilo si la mama huyo peke yake. Hapa Bukavu wengi wetu tulilipa minervali miaka mingi, na siku ya kutoa diploma tulifikiri kazi imekwisha. Kumbe mwaka unaofuata ndio mgumu. Ni mwaka ambao binti anaweza kuwa mtu wa kazi yake, ao anaweza kusahau polepole kile alichosoma. Kwa hiyo leo tuangalie kazi hiyo ni nini na sisi wamama tunaweza kusaidia namna gani.

Kwanza, anachora nini?

Zamani mchora plani alitumia karatasi, kalamu na rula. Karatasi moja ilionyesha vyumba, nyingine uso wa nyumba, nyingine namna nyumba inavyoonekana ukiikata katikati. Mwenye nyumba akitaka kusogeza mlango, ilibidi mchora plani arudie karatasi zote. Tangu 1982 programu ya AutoCAD iliingiza michoro hiyo ndani ya ordinatere, lakini mistari ilibaki mistari tu.

Leo vijana wanajifunza namna nyingine, ambayo watu wa kazi wanaiita BIM. Binti hachori mistari tena. Anajenga nyumba nzima ndani ya ordinatere kabla haijajengwa katika udongo. Ukuta anaouweka unabeba habari zake: urefu, unene, na umejengwa na kitu gani. Akisogeza mlango mara moja, karatasi zote zinajirekebisha. Na nyumba hiyo inajua kuhesabu.

Tufanye hesabu pamoja. Ukuta wa metre 10 kwa urefu na metre 3 kwenda juu una metre za mraba 30. Tofali la simenti la sentimetre 40 kwa 20 linafunika metre ya mraba 0,08. Gawanya: ni matofali 375, bila kuhesabu simenti ya katikati wala yale yanayovunjika. Ukiweka mlango wa metre 0,90 kwa 2,10, matofali kama 23 yanatoka. Ordinatere inafanya hesabu hiyo kwa kuta zote, mabati yote na madirisha yote, kwa wakati mfupi. Mama aliyewahi kujenga anajua maana yake. Ni mara ngapi fundi alikuja kusema: "Mama, simenti imekwisha, ongeza mifuko kumi"? Na wewe hukuwa na namna ya kujua kama ni kweli.

Kwa nini kazi hii inatuhusu?

Mji wetu umekaa juu ya vilima, udongo unateremka wakati wa mvua, na ardhi yenyewe inatikisika. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha 5,9 lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda, na watu walikufa chini ya kuta. Tetemeko hatuwezi kulizuia, lakini nyumba inaweza kupangwa vizuri mbele: nguzo zisimame wapi, mkanda wa beto uzunguke wapi, maji ya mvua yapite wapi. Katika modeli, kama bomba la maji limepangwa kupita ndani ya nguzo, linaonekana siku hiyohiyo. Katika shantie, mara nyingi linaonekana wakati beto imekwisha kukauka, na fundi anachukua nyundo kuitoboa.

Lakini tusidanganyane. Ordinatere haigusi udongo. Ukiipa vipimo vya uongo, itakupa nyumba nzuri ya uongo. Ndiyo sababu binti anayekaa ndani tu na kuchora hajawa mtu wa ujenzi bado.

Mambo matano ya mwaka wa kwanza

La kwanza ni programu. Kampuni ya Autodesk, yenye AutoCAD na Revit, inawapa wanafunzi programu zake bure kwa mwaka mmoja mmoja, wakati wangali wanasoma. Akimaliza masomo, zinakuwa za bei kali. Kwa hiyo wewe ambaye mtoto wako angali chuoni, mwambie ajiandikishe sasa. Aliyekwisha kumaliza anaweza kuanza na FreeCAD, ambayo ni ya bure kwa watu wote. Programu za wizi zinazouzwa kwenye flashi aziache: zinaleta virusi, na ofisi ya haki haitazikubali.

La pili ni ordinatere yenyewe. Si kila mashini inafaa. Modeli ya nyumba ni nzito. Mashini yenye kumbukumbu ya GB 4 itakwama, na ni vizuri kutafuta ya GB 16. Iliyotumika inaweza kufaa kuliko mpya dhaifu, lakini asinunue bila kuijaribu pale pale kwa muuzaji akifungua programu yake. Na Revit inatumika kwa Windows, si kwa Mac.

La tatu ndilo ninalolipenda sana, tena haliombi feza. Apime nyumba yenu. Achukue mita ya kupimia, apime kila chumba, unene wa kuta, madirisha, mteremko wa bati, kisha aijenge ndani ya ordinatere na atoe orodha ya vifaa. Halafu amtafute fundi aliyeijenga ao jirani aliyejenga karibuni, walinganishe hesabu na vile vilivyotumika kweli. Pale hesabu zinapotofautiana, ndipo atajifunza. Kisha apime kituo cha afya, darasa, nyumba ya shangazi. Kisha miezi sita atakuwa na kazi tatu ao ine za kuonyesha. Watu wengi wanapeleka diploma ofisini. Aliye na diploma pamoja na kazi aliyoifanya kwa mkono wake anasikilizwa tofauti.

La ine ni shantie. Hata siku mbili kwa juma, aende kuona wanavyofunga vyuma, wanavyochanganya beto, wanavyopima usawa. Aulize mafundi kwa heshima, kwani fundi wa miaka ishirini anajua mambo ambayo kitabu hakisemi. Na hapa ninasema wazi: kama ni binti, tujue anaenda kwa nani. Aende pamoja na mwenzake, awe na viatu vigumu na kofia ya kazi, na mkubwa wa shantie ajue kwamba nyuma ya binti huyo kuna wamama. Anayeomba kitu kingine ili atoe staji ao kazi, huyo asifichwe. Binti alete habari nyumbani, na sisi tuipokee bila kumlaumu yeye.

La tano ni makaratasi. Wengine wanawatumikisha vijana bila mshahara na kusema: "Bado tunakujaribu." Sheria ya kazi ya Congo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema wakati wa kujaribiwa uandikwe, na usipite mwezi mmoja kwa mtumikaji asiye na ufundi, wala miezi sita kwa wengine. Kwa hiyo kabla ya kuanza, aombe karatasi yenye tarehe na sahihi. Aende pia kuuliza kwenye ofisi za INPP, ambayo tangu 1964 kazi yake ni kufundisha watu wa kazi, na ajiandikishe kwa ONEM kama mwenye kutafuta kazi.

Upande wetu wamama

Mimi ninafundisha wavulana na wasichana, na ninaona jambo moja katika nyumba nyingi. Mvulana akikaa mbele ya ordinatere, watu wanasema: "Nyamazeni, anatumika." Msichana akikaa pale pale, tunamwita: "Njoo uteke maji, njoo uangalie mtoto, chungu kinaungua." Umeme wa SNEL unakuja saa mbili, na saa hizo mbili msichana anazimalizia jikoni. Kisha tunashangaa kwamba kaka yake amemtangulia.

Siombi binti aache kazi za nyumbani. Ninaomba tumpe saa zake, zijulikane, na wakati umeme unapokuja, kazi nyingine ingojee ao ifanywe na kaka yake. Hilo halituombi hata faranga moja.

Feza ya mashini ni shida, ndiyo. Lakini likelemba zetu zinanunua mabakuli, vitenge na mabati. Zamu moja inaweza kununua ordinatere. Ao mabinti wawili wa kikundi kimoja watumie moja, mmoja asubuhi, mwingine jioni.

Na papa yake tumjibu namna gani? Tusibishane naye, kwa maana woga wake una sababu: ametoa feza nyingi na haoni inarudi. Muombeni mwaka mmoja, wenye tarehe ya mwisho. Binti aandike katika daftari kila mwezi: nimepima nini, nimeenda shantie gani, nimepeleka barua wapi, wamenijibu nini. Siku ya soko auze pamoja nawe, si haya. Injinia anayejua bei ya vitu sokoni atafanya hesabu nzuri zaidi. Mwaka ukiisha, keti wote watatu mfungue daftari. Kama lina kazi, papa atakuwa na kitu cha kuangalia kwa macho yake. Kama ni tupu, hapo mtazungumza mengine.

Katika mkutano unaokuja, mama aliye na binti ao kijana aliyesoma ujenzi aje naye. Na mama anayetaka kujenga mwaka huu alete vipimo vya kiwanja chake. Tutawakalisha pamoja, tuone.

Tuonane juma lijalo.