Karatasi Kwanza, Kompyuta Baadaye



Hapa Uganda mwaka wa kodi huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Baada ya hapo, mwenye mapato yanayotakiwa kutolewa taarifa hupewa miezi sita, yaani hadi tarehe 31 Desemba, awe amewasilisha ritani yake. Kulipa kodi ni wajibu uliotajwa katika Ibara ya 17 ya Katiba yetu, pamoja na wajibu wa kulinda mali ya umma na kupambana na rushwa. Leo nataka tujadili swali linalowasumbua wazazi wengi kila mwisho wa mwaka: ni heri kujaza fomu ya karatasi kwa kalamu, au kuiachia kompyuta kazi yote?

Kabla ya kuingia katika hoja, tuliweke sawa neno lenyewe. Katika Kiswahili, neno kodi lina maana mbili zilizo karibu. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi. Hiyo huitwa pia pango au kodi ya pango. Mwenye nyumba naye huilipa serikali kodi. Hiyo ni kodi ya mapato. Kwa hiyo mwenye vyumba vya kupangisha hulipa kodi ya kodi, na usemi huo, ingawa unachekesha, ni sahihi. Ushuru aghalabu hutumika kwa bidhaa, forodhani na sokoni. Ritani ni taarifa ambayo mlipakodi huiandikia mamlaka akieleza alichopata na anachodaiwa. Yashike maneno haya manne, kwa sababu kisa ninachokusimulia kinayahitaji.

Shangazi yangu ana vyumba viwili anavyopangisha kwa shilingi 200,000 kila kimoja kwa mwezi. Miaka michache iliyopita aliniomba nimsaidie kuwasilisha ritani. Nami, kama walivyo wengi, nilingoja hadi siku ya mwisho. Tulikwenda katika duka moja la intaneti, tukakuta foleni ndefu. Kijana wa duka aliomba namba ya mlipakodi na nywila, nikampa vyote viwili bila kusita. Akauliza mapato ya mwaka, nikamtajia kwa mdomo, akaandika. Aliponionyesha skrini nilitikisa kichwa kukubali, maana watu walikuwa wakinisukuma mgongoni. Ritani ikatumwa, stakabadhi ikatoka, tukaenda zetu.

Baada ya siku chache shangazi alipokea ujumbe kwamba anadaiwa shilingi 5,421,600. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, hivi vyumba vyangu viwili vimezaa vingine lini?"

Tuhesabu pamoja. Vyumba viwili kwa shilingi 200,000 ni shilingi 400,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 4,800,000. Kwa mtu binafsi, shilingi 2,820,000 za kwanza za pango la mwaka hazitozwi kodi. Kinachobaki, yaani shilingi 1,980,000, hutozwa asilimia 12. Shangazi alipaswa kulipa shilingi 237,600. Kijana alikuwa ameongeza sifuri moja, na shilingi milioni nne na laki nane zikawa milioni arobaini na nane. Kodi ikazidi pango lote la mwaka mzima.

Zingatia jambo hili: kompyuta haikukosea hata kidogo. Ilitoa, ikazidisha, ikapata jibu sahihi kabisa la swali lisilo sahihi. Kompyuta haijui shangazi ana vyumba vingapi. Aliyejua ni yeye, na aliyepaswa kusoma skrini ni mimi mwalimu, niliyetikisa kichwa kwa sababu ya foleni.

Kilichotuokoa ni daftari la shule la kurasa 96. Ndani yake shangazi alikuwa ameandika kila mwezi jina la mpangaji, tarehe na kiasi, na mpangaji akatia sahihi. Tulilibeba hadi ofisi ya kodi, tukaomba ritani isahihishwe, na baada ya kwenda mara tatu ikasahihishwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hiyo methali hiyo ilikuwa ushahidi mezani.

Je, basi, turudi kwenye karatasi? Wako wanaosema hivyo, nami sikubaliani nao. Waulize wazee kuhusu kodi ya kichwa, iliyoondolewa mwaka 2005. Wakati wake karatasi ilikuwa kila kitu. Mwanamume alitembea na tiketi yake mfukoni, na asiyekuwa nayo aliweza kukamatwa alfajiri, hata kama alikwisha kulipa na mvua ikailowesha tiketi. Karatasi hupotea, huliwa na mchwa, hughushiwa. Fomu ya karatasi inapopita mikononi mwa watu wengi, kila mkono unaweza kuomba chai. Mtandao umepunguza mengi ya hayo. Ritani hupokelewa saa yoyote, stakabadhi hutoka papo hapo, na malipo hufanywa kwa namba maalumu benki au kwa simu bila fedha taslimu kupita mkononi mwa ofisa. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, imeijenga kazi yake juu ya mtandao, na mimi naona ilifanya vyema.

Lakini wanaosifu kompyuta pekee husahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba fomu ya karatasi humlazimisha mtu kupita kila hatua kwa kichwa chake: mapato haya, toa kiasi hiki, zidisha kwa asilimia hii. Programu huzificha hatua hizo na kumwonyesha jibu tu. Raia asiyejua jibu limepatikanaje hawezi kulipinga linapokosewa, na hawezi kuiuliza serikali fedha zake zimefanya nini. La pili ni kwamba si kila mtu ana kompyuta, umeme na kifurushi cha intaneti. Tangu Julai 2021 kifurushi chenyewe hutozwa ushuru wa asilimia 12. Yaani mlipakodi hulipa ushuru ili aweze kufika mahali pa kulipia kodi. Asiye na uwezo huo humpa mtu mwingine nywila yake, na kumpa mtu nywila ni sawa na kumkabidhi muhuri wako akautumie usipokuwapo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: tufikiri kwa karatasi, tutume kwa kompyuta. Wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, keti na mzazi wako mezani. Andikeni mapato yote kwa mkono, toeni, zidisheni, mpate jibu lenu wenyewe. Kisha ndipo mfungue mfumo wa mtandao. Jibu la kompyuta likilingana na la kwenye karatasi, tumeni. Yakitofautiana, msitume, tafuteni tofauti imetoka wapi. Kama mnalazimika kwenda dukani, mzazi aandike nywila kwa vidole vyake, na mkirudi nyumbani aibadilishe. Chapisheni stakabadhi, muihifadhi pamoja na daftari, kwa kuwa sheria inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Wala msichelewe kulipa, kwani deni la kodi huongezwa riba ya asilimia 2 kila mwezi.

Serikali nayo ina deni kwetu. Naomba iweke katika kila ofisi ya kodi karatasi rahisi ya kukokotolea, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine, ili shangazi aweze kuijaza kabla ya kufika kwenye skrini iliyoandikwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa mujibu wa Katiba. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza raia anachodaiwa itabaki kuwa ya sherehe na mitihani.

Wengine huniuliza kwa nini ninawafundisha wanafunzi wasio na mshahara habari za kodi. Jibu langu ni kwamba ninyi ndio mnaoombwa msaada nyumbani. Mzazi akisema "njoo unisomee hapa," hukuita wewe. Siku hiyo usitikise kichwa kama nilivyofanya mimi. Soma kila tarakimu kwa sauti, hesabu sifuri zote, ndipo ubonyeze.

Zoezi: Bibi mmoja anapangisha vyumba vitatu kwa shilingi 150,000 kila kimoja kwa mwezi. Kokotoa kodi yake ya mwaka kwenye karatasi, kisha umweleze jirani yako, kwa Kiswahili sanifu na bila kutumia simu, umelipataje jibu hilo.