Sehemu ya 4: Kabla hujamhamisha mtoto, kaangalie choo

Mama mwenzangu wa Kinango, kila Januari nawasikia kliniki: "Shule ile ndiyo nzuri, hii yetu hamna kitu." Nzuri kwa lipi? KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023, na bado twapima shule kwa alama za zamani!

Mimi ni nesi. Mtoto mwenye minyoo au anayeharisha hasomi, hata mwalimu awe hodari vipi. Basi kabla hujamtoa, nenda shule zote mbili ukahesabu. Wizara inataka choo kimoja kwa wasichana 25, na kimoja kwa wavulana 30. Maji ya kunawa yapo? Dawa ya minyoo hutolewa? Na sodo je? Tangu 2017 sheria inasema msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe bure.

Ukikuta pengo, usihame kimya kimya. Ukihama wewe mwenye pesa ya boda, anabaki mtoto wa jirani asiye nayo. Njoo mkutano wa wazazi, uliza mbele ya mwalimu mkuu na bodi. Shule ya umma ni yetu jamani. Tusiikimbie, tuidai.