Mtoto wa Unguja Aliyeficha Maradhi Yake

Juma hili tumtazame mtu ambaye sauti yake mmekwisha kuisikia, ingawa jina lake pengine hamlijui. Mpira ukiisha na kombe likitolewa, mara nyingi hupigwa wimbo mmoja wa Kiingereza wa kuwasifu washindi. Aliyeutunga wimbo ule na kuuimba alizaliwa Unguja.

Jina alilopewa na wazazi ni Farrokh Bulsara. Ulimwengu humjua kwa jina la Freddie Mercury. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bwana Bomi na Bibi Jer, walikuwa Waparsi, yaani watu wenye asili ya Uajemi. Wazee wao wa kale walihamia Bara Hindi, yapata miaka elfu na zaidi iliyopita, wapate kuishika dini yao ya Zoroasta bila kuonewa. Bwana Bomi alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu ya Unguja, mtu wa kalamu na daftari kama sisi makarani.

Mtoto alipokuwa na miaka 8 alipelekwa shule ya bweni Panchgani, Bara Hindi. Huko mkuu wa shule alitambua kwamba kijana ana kipaji cha muziki, akawaandikia wazazi kuwashauri afundishwe piano. Wazazi wakakubali. Hapa, akina baba na akina mama, nawaomba mtege sikio. Kwetu huku Meru mtoto akigonga debe kwa mahadhi mazuri huambiwa, "Acha kelele, kakate majani ya ng'ombe!" Majani na yakatwe, maana ng'ombe hali nyimbo. Lakini jioni, kazi ikiisha, mpelekeni kwa mwalimu wa kwaya. Kipaji kisichotazamwa ni kama mche wa kahawa usiopaliliwa.

Basi, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, jamaa ile ilihamia Feltham, karibu na London. Kijana alisomea uchoraji. Alibeba mizigo katika uwanja wa ndege, akauza mitumba sokoni. Hakuona haya kufanya kazi. Mwaka 1970 alianzisha bendi pamoja na Brian May na Roger Taylor, wakaiita Queen, maana yake Malkia. Mwaka uliofuata John Deacon alijiunga nao.

Mwaka 1975 walitoa wimbo wa karibu dakika 6. Wakubwa wa santuri walisema ni mrefu mno, redio hazitaupiga. Kumbe uliongoza Uingereza kwa majuma tisa! Mwaka 1980 bendi ilitunga muziki wa filamu iitwayo Flash Gordon, na mwaka 1986 nyimbo za filamu ya Highlander. Tarehe 13 Julai 1985 waliimba katika uwanja wa Wembley mbele ya watu wapatao 72,000. Ujazeni uwanja wetu wa Sheikh Amri Abeid, mwutoe watu, mwujaze tena na tena, ndipo mtaufahamu umati ule. Fedha zilizokusanywa zilikuwa za kuwasaidia wenye njaa Ethiopia.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Bwana huyu aliugua Ukimwi. Alikonda, magazeti yakauliza, naye akakana. Tarehe 23 Novemba 1991 ndipo alipotangaza ukweli. Kesho yake akafa, umri wake miaka 45. Makasisi wa dini ya wazazi wake walimwombea.

Wako wasiopendezwa na mwenendo wake. Mwaka 2006, ilipotimia miaka 60 tangu azaliwe, karamu iliyotayarishwa Unguja iliachwa kwa sababu ilipingwa. Mimi sikai katika kiti cha hakimu. Natazama tu ile siri, maana naijua. Inakaa hata katika vijiji vyetu.

Nani hajui mtu anayepanda basi hadi Moshi kuchukua dawa, hali kituo cha afya kiko karibu na nyumba yake? Anaogopa jirani asimwone. Siku nauli ikikosekana, dawa hukatika, na maradhi hupata nguvu. Akifa, jamaa huja kwa karani kuandikisha maziko na kusema, "Ilikuwa homa." Au mbaya zaidi, bibi mzee fulani husingiziwa uchawi.

Tazameni tofauti. Mwaka 1991 hapakuwa na dawa ya kumponya yule mwimbaji na kifo, ijapokuwa alikuwa na mali nyingi. Dawa zenye nguvu zilipatikana tangu 1996, na tangu 2004 serikali yetu ilianza kuzitoa bure. Mkulima wa migomba leo anaweza kupata bila senti kile ambacho tajiri yule hakukipata. Azinywe kila siku bila kukosa, atalea watoto wake na kuona wajukuu. Lakini ataendaje kuzichukua ikiwa ulimi wa jirani unamngoja njiani?

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, ukimwona mwenzako kwenye benchi la kliniki, msalimie, kaa karibu naye, kisha nyamaza. Ukiwa na maradhi wewe mwenyewe, mwambie walau mtu mmoja wa nyumbani, akukumbushe dawa yako na akusindikize siku miguu ikiwa mizito.

Kwa herini mpaka juma lijalo.