Gamba la Mgongoni, Gamba la Tumboni

Matumbawe yaliyojengewa Gede ni ya juzi tu kwa hesabu ya wanajiolojia: mwamba huu wa ufukweni una umri wa takribani miaka 125,000. Ukiingia bara hadi Kambe na Jibana, umri unaruka. Chokaa ya Kambe ilijengeka chini ya bahari ya kina kifupi zama za Jurasi, kiasi cha miaka milioni 170 iliyopita.

Mawe ya Jurasi ya pwani hii ya Kilifi yana brakiopodi. Ukimwokota utadhani ni chaza; mgeuze. Chaza ana gamba la kushoto na la kulia. Brakiopodi ana la mgongoni na la tumboni, na kila gamba ukiligawa katikati, nusu zake hulingana. Wengi wana tundu dogo nchani, palipopita kikonyo cha kumshikiza mwambani. Ni ukoo mwingine kabisa.

Mwanzo wa ukoo huo hauonekani Kilifi, maana mawe yetu ni machanga mno. Unatafutwa katika mawe ya Kambriani, yenye zaidi ya miaka milioni 500. Humo wataalamu walikuwa wakiokota vigamba vya fosfati vilivyotawanyika, vya viumbe walioitwa tomotiidi, na umbo la mwenyewe likabaki fumbo. Mwaka 2008 vigamba vya Eccentrotheca wa Australia Kusini vilielezwa vikiwa bado vimeshikana, vimezunguka kuwa mrija uliosimama wima sakafuni mwa bahari. Mwaka 2022 akatangazwa tomotiidi mwingine, Wufengella wa Yunnan, China, wa miaka milioni 518, na safari hii mwili ulikuwapo: kiumbe kama mnyoo, ubavuni manyoya magumu, mgongoni magamba tele. Wataalamu wengi sasa wanaona kwamba magamba hayo yalipungua kizazi hadi kizazi, yakabaki mawili ya brakiopodi.

Fumbo hilo lilianza kufumbuliwa kwa vipande ambavyo mtu mwenye haraka angevipita.

Ndiyo maana jarida hili linaisemea chokaa ya Kilifi. Mwaka 1930 jumba la makumbusho la Hunterian, Glasgow, lilichapisha ripoti ya visukuku alivyokusanya Bi. McKinnon Wood pwani ya Kenya, brakiopodi wakiwamo. Glasgow ni mbali mno kwa mwanafunzi wa Kaloleni. Miamba iliyo ndani ya misitu ya kaya iachwe ilivyo, ni mahali patakatifu. Lakini kwenye machimbo, walimu waruhusiwe kuingia kabla jiwe halijasagwa, na kila kisukuku kihifadhiwe humu humu kaunti, pamoja na karatasi inayotaja kilipookotwa.